Wati mia tatu na kikohozi cha mjomba

Kompyuta kumi nilipewa bure. Kilichonitoa pesa mfukoni ni mita mbili ndogo za kuchomeka ukutani, zile zinazokuonyesha kifaa kinakula wati ngapi. Baada ya mita ikaja gharama ya msimamizi: nahodha mstaafu, jirani yetu, aliyekubali kuzikodolea macho usiku kucha kwa malipo ya kahawa tungu na tende.

Kompyuta zenyewe zilitoka ofisi moja ya Mombasa iliyokuwa ikibadilisha mashine. Zilipanda basi mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, zikashushwa kwenye boti, zikavuka zikiwa zimefunikwa turubai kwa sababu kaskazi ya Desemba hurusha maji ndani ya chombo, kisha zikapakiwa punda kutoka gatini hadi nyumbani. Kumpakia punda kompyuta kuna ufundi wake. Hamali alizifunga mbili mbili, moja kila ubavu, magodoro katikati, akaniambia mzigo mbaya kuliko huu ni jokofu. Kati ya kumi, mbili hazikuwaka tena. Sijui kama ni chumvi au ni uzee.

Dada yangu aliziona zimepangwa ukumbini akauliza la maana: "Sasa na hizo mita ni za nini? Umeanza kutuuzia umeme?"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia mashindano ya wanafunzi ya kompyuta kuu, yaani mashine kubwa za kupigia hesabu nzito. Hayana watazamaji wengi, na ukimweleza mtu barazani hudhani unazungumzia michezo ya video. Ya kwanza yalifanyika Reno, jimbo la Nevada kule Marekani, Novemba 2007, ndani ya mkutano wa kila mwaka wa kompyuta kuu uitwao SC. Timu ni wanafunzi 6 ambao hawajapata shahada, pamoja na mwalimu wao. Timu huja na klasta yake, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa waya zikafanya kazi moja, na huwa imeazimwa au kupewa na kampuni inayotengeneza mashine. Wanaiunganisha wenyewe ukumbini, kengele ikilia wanafanya hesabu saa 48 mfululizo, wakilala kwa zamu chini ya meza. Mwaka 2012 Wajerumani wakaanzisha yao ndani ya mkutano wa ISC, na Wachina nao wana yao, ambayo timu yake ni ya watu 5.

Kanuni ni nyingi, lakini iliyoniteka ni moja. Hawakuwekei kikomo cha bei ya mashine wala cha idadi ya prosesa, zile chipu zinazopiga hesabu ndani ya mashine. Wanakuwekea kikomo cha umeme. Kule Reno ilikuwa ampea 26 kwenye umeme wao wa volti 120. Ujerumani na China wakaandika wati 3,000. Ukipita hapo, mita inakusema.

Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Ampea 26 mara volti 120 ni wati 3,120. Halafu nikaitazama soketi iliyo karibu na kitanda changu. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Kumi na tatu mara mia mbili arobaini: 3,120. Kumbe mashindano makubwa kabisa ya dunia ya kompyuta za wanafunzi yangeingia yote, kila timu kwa zamu yake, kwenye soketi moja ya ukuta wa Lamu. Ile ile inayochemsha birika.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki nzima.

Na usidhani ni kanuni ya kuchezea watoto. Umeme ndio unaowabana wakubwa vilevile. Mashine ya Frontier, iliyoko Oak Ridge huko Tennessee, ndiyo ya kwanza kwenye TOP500, orodha ya mashine 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, kuvuka exaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, na ilipopimwa ilikuwa ikila megawati 21 hivi. Anayetaka mashine kubwa zaidi ya hiyo swali lake la kwanza si prosesa atapata wapi, ni umeme. Kwa hiyo mwanafunzi anayehangaika kubana hesabu ndani ya kikomo chake cha wati anafundishwa tatizo lenyewe la fani, si mfano wake. Na wanabana kweli. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Ujerumani yaliyofanyika Leipzig, timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh ilipita teraflopu 10, yaani hesabu trilioni kumi kwa sekunde, ndani ya wati 3,000. Mwaka 1997 mashine iliyoongoza dunia nzima, iliyojaza ukumbi mzima, ilikuwa na teraflopu moja na ushei.

Basi nikaamua na mimi niandae yangu, likizo ya Desemba, kwa wanafunzi wa sekondari wa mitaa yetu. Nikagawanya kikomo kwa kumi: wati 300 kila timu. Mashine nne kila timu, wanafunzi wanne. Saa 24 badala ya 48, maana hakuna mzazi wa Lamu angenikubalia siku mbili. Wavulana ghorofani, wanaopata upepo wa madirisha ya baharini. Wasichana chini, penye kuta nene za mawe na ubaridi wake, na mama yangu akitandika mkeka wake ndani hapo hapo, kwa sababu bila yeye kungekuwa hakuna timu ya wasichana. Kila mzazi aliniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, nami nikajibu kila mara kwamba Bibi atalala nao. Mashindano ya Reno hayakuwa na kanuni ya Bibi. Yetu ilikuwa ya kwanza kuandikwa.

Mpwa wangu alikuwa timu ya chini. Nalitaja mapema, lisije likaonekana nililificha.

Kanuni nyingine niliziokota kule na kuzipunguza. Kengele ikishalia, hakuna anayegusa mashine ila wanne wa timu. Hakuna kupiga simu kuomba msaada. Mashine haizimwi wala haichomolewi bila msimamizi kujua. Sala haisimamishi saa, mmoja abaki na mashine, wengine waende, wabadilishane. Na mwalimu: kule kwao mwalimu anaruhusiwa kufundisha mwaka mzima, kutafuta wafadhili, kubeba masanduku, kununua chakula, lakini kazi ikianza anafunga mdomo. Niliiandika hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni.

Ilinijia rahisi kwa sababu nimelelewa nayo. Baba yangu alikuwa na mashua, na siku za mashindano hakupanda. Chombo chake, tanga lake, mabaharia aliowalisha yeye, lakini usukani ni wa nahodha na mwenye chombo hubaki pwani. Alikuwa akitembea ukutani mwa bahari akisema na nafsi yake. Wakikosea kugeuza foromali alishika kichwa. Hakuna aliyemsikia, upepo ulikuwa ukimrudishia maneno yake mdomoni.

Sasa niseme habari ya msaada, kwa sababu watu husoma kanuni wakadhani ndizo zinazoamua. Kanuni humpima aliyefika. Kufika ndiyo kazi.

Mfano ninaoupenda ni wa Afrika Kusini. Wana kituo cha taifa cha kompyuta kuu, CHPC, Cape Town. Badala ya kungoja chuo kimoja chenye pesa kiunde timu, kituo kikaanza kuchuja wanafunzi nchi nzima: wanakuja vijana wa miaka ya mwanzo chuoni, wengi hawajawahi kuona klasta, wanafundishwa, wanashindanishwa wenyewe kwa wenyewe, wanaofaa wanatolewa wakaunda timu ya taifa, wanapelekwa Texas kujinoa zaidi, ndipo wanakwenda Ujerumani. Mara ya kwanza kwenda, 2013, walirudi na ushindi. Wakaurudia 2014, tena 2016, tena 2019. Miaka hiyo walikuwa wakishindana na vyuo ambavyo vina klasta kwenye chumba cha chini kama sisi tulivyo na kisima. Mimi sioni kwamba walishinda kwa mashine. Walishinda kwa sababu mtu aliketi akafikiria msaada kuanzia mwisho: ili wale sita wawe tayari siku ya kengele, mwezi uliopita walihitaji nini, na mwaka uliopita walihitaji nini.

Hata mitumba ina nafasi yake. Texas walikuwa na mashine kubwa iliyoitwa Ranger, ilianza kazi 2008 ikastaafishwa 2013, na vipande vyake vikaletwa Afrika vigawanywe kwa vyuo, Tanzania na Botswana zikiwemo. Mtu anaweza kukunja uso akasema tumeletewa makombo. Mimi niliyepokea mashine kumi kwa punda siwezi kukunja.

Msaada wetu ulikuwa mdogo, na mwingine ulikuja umepinda. Niliandikia ofisi moja yenye uwezo nikiomba swichi mbili za mtandao za gigabiti, visanduku vya kuunganishia kompyuta kwa waya, kifaa ambacho bei yake haifiki karamu ndogo ya ndoa. Wakanijibu kwa furaha kwamba watachapisha fulana 40 zenye nembo yao. Nikajibu kwamba wanafunzi ni 8. Wakasema fulana nyingine wape watazamaji. Swichi nikaazima kwa kijana mwenye saiba karibu na Mkunguni, na moja ikawa ni ile ya zamani ya megabiti 100, yenye kasi ndogo mara kumi. Tuliigundua siku ya tatu ya mazoezi, pale klasta ya wavulana ilipokuwa inakwenda polepole kuliko kompyuta moja iliyoachwa peke yake. Lilikuwa somo zuri kuliko lolote nililoliandaa. Mashine tatu zenye nguvu zikiunganishwa kwa njia nyembamba hukaa zikingojana, kama watu wanaopishana kwenye kichochoro kila mmoja na punda wake. Tukaazima nyingine.

Wiki mbili nilifundisha kila nilichokuwa nacho. Kuweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kuzifanya mashine zifahamiane bila kuulizana nywila kila mara. MPI, yaani namna programu moja inavyokatwa vipande, kila kipande kikaendeshwa na prosesa yake, na vipande vikawa vinatumiana ujumbe. Na LINPACK, kipimo kile kile kinachopanga orodha ya TOP500 tangu 1993: unaipa klasta rundo la milinganyo iliyofungamana, kwa mfano milinganyo 40,000 yenye majina 40,000 yasiyojulikana, unaiambia itatue. Inakurudishia jibu, na muda iliotumia unageuzwa kuwa idadi ya hesabu kwa sekunde. Siri yake kubwa ni ukubwa wa hilo rundo, ambao kwenye faili la mipangilio umeandikwa kwa herufi moja tu, N. Ukiweka N ndogo, mashine zinatumia muda mwingi kusalimiana kuliko kufanya kazi. Ukiweka kubwa kupita kumbukumbu uliyonayo, mashine zinaanza kuhamishia namba kwenye diski, na diski kwa prosesa ni sawa na kwenda kisiwa cha Pate kuchota maji ya chai.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisema darasani. Naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuja kuitafuta kama ushahidi wa kunitetea.

Tulianza Jumamosi saa mbili asubuhi. Nahodha alichomeka mita, akavaa miwani, akafungua daftari. Alisema ataandika kila robo saa, kila mita, na chochote kitakachotokea. Nilimwambia si lazima kuandika kila kitu. Akanitazama.

Wavulana waliamua mapema kuacha mashine moja. Mashine zetu zikikazwa zilikula wati 95 hivi kila moja. Tatu ni 285, swichi inaongeza 8, wako 293. Nadhifu. Wasichana wakakaa na karatasi zaidi ya saa moja bila kugusa kitu, mpaka mama yangu akawauliza kama wameharibu. Walikuwa wakijadili jambo nililoligusia mara moja tu: prosesa ukiipunguzia kasi, unaweza kuipunguzia na volti, na matumizi ya umeme hushuka kwa mraba wa volti hiyo. Ukikunja tanga kidogo, mawimbi hupungua kukusumbua kuliko ulivyotarajia. Wakapunguza kasi ya mashine zote nne mpaka kila moja ikala wati 70. Nne ni 280, na swichi 288. Kila mashine yao ilikuwa dhaifu kuliko ya juu, lakini walikuwa na nne, na kumbukumbu ya gigabaiti 16 badala ya 12, kwa hiyo N yao ingeweza kuwa kubwa.

Nilitoka nje nikacheka peke yangu kichochoroni. Timu za kule Ujerumani hucheza mchezo huo huo, wakipunguza kasi ya prosesa zao, wakitoa feni na kila kinachokula umeme bure, wakizunguka mita kama paka anayezunguka samaki. Na hawa hapa wameufikia wenyewe kwenye mkeka wa mama yangu.

LINPACK ilikuwa na mwisho wake: saa sita usiku, matokeo bora ndiyo yanayohesabiwa. Kufikia magharibi wavulana walikuwa na gigaflopu 166, yaani hesabu bilioni 166 kwa sekunde. Wasichana 151, bado wanajaribu. Jaribio moja huchukua dakika chache tu, kwa hiyo ni kazi ya kubadilisha, kuendesha, kungoja, kuandika, kubadilisha tena. Baada ya isha nilikuwa nimeketi darajani, kwenye ngazi, mahali ninapoona chini na kusikia juu, nikijiambia kwamba niko hapo kwa ajili ya usalama wa waya.

Saa tano na kitu mpwa wangu akaandika N ya 46,000. Niliiona kwenye kioo. Kichwani nilipiga hesabu bila kutaka: arobaini na sita elfu kwa arobaini na sita elfu, mara baiti nane, karibu gigabaiti 17. Wana 16. Akabonyeza.

Dakika tano zikapita. Kumi. Taa za diski za mashine zote nne zikawa zinawaka bila kupepesa. Feni zikatulia, maana prosesa sasa zilikuwa hazina kazi, zinangoja diski. Mita ikashuka. Kila dalili ilikuwepo, na wasichana wanne wameketi wameikumbatia miguu wakitazama kioo kana kwamba wanangoja mkate uumuke. Dakika kumi na tano. Wangeweza kuketi hivyo mpaka saa sita, na ile 151 ikawa ndiyo yao.

Nilikohoa.

Si kikohozi kikubwa. Mpwa wangu akainua macho. Nami, Mungu anisamehe, nikazitazama taa za diski, nikazitazama sekunde moja zaidi ya haja. Akazitazama naye. "Ee!" akasema, akaizima ile hesabu, wakarudi kwenye 40,000, na saa tano na dakika arobaini na nane wakapata 174.

Hakuna aliyesema neno. Isipokuwa kwamba kijana mmoja wa juu, wa Matondoni, ukoo wa mafundi wa majahazi, alikuwa ameshuka kuteka maji mtungini, na alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe.

Walikata rufaa kwa adabu. Walikuja wote wanne, wakampa nahodha salamu, wakasimama. Yule wa Matondoni akasema, "Nahodha, mwalimu amewaonyesha." Mimi nikaanza kueleza: jambo hilo nililifundisha darasani kwa timu zote mbili, kwa hiyo sikutoa elimu mpya, na kukohoa ni hali ya mwili, na vumbi la kuta za mawe. Nilisikia sauti yangu ikiwa na ufasaha usiokuwa na heri ndani yake.

Nahodha hajui N ni nini. Hakuuliza. Aliuliza, "Wewe ni nani wa huyu msichana?"

"Mjomba wake."

"Basi." Akamwaga kahawa iliyopoa, akajimiminia nyingine. "Mwenye chombo hukaa pwani. Akipija ukelele akasikiwa, chombo chake hakihesabiwi." Hukumu ikawa: wasichana wabaki na 151 waliyoipata kabla, na mimi nitoke nje ya nyumba mpaka saa mbili asubuhi.

Nikamkumbusha kwamba ni nyumba ya mama yangu. Mama yangu, kutoka mkekani, akasema nichukue shuka, nje kuna baridi.

Kwa hiyo nusu ya pili ya mashindano niliyoyaandaa siwezi kukueleza nilivyoiona, maana sikuiona. Nilikuwa barazani, nje ya mlango wa mbao, na kanuni yangu imebandikwa juu ya kichwa changu kwa herufi kubwa. Nilisikia. Nilizijua feni: zikikazwa zilikuwa na mlio wa nyuki, zikilegea za mbu. Nilijua saa saba usiku kazi ya siri ilifunguliwa, kwa sababu nilisikia bahasha ikichanwa juu na chini kwa pamoja. Mashindano yote makubwa huwa na kazi ya namna hiyo, programu usiyoijua mpaka siku yenyewe. Yetu ilikuwa kutabiri joto linavyotawanyika kwenye bamba la chuma, hatua milioni moja, na nilikuwa nimeiandika mimi kabla sijafukuzwa.

Saa kumi kasoro umeme ukakatika. Mtaa mzima ukawa giza, feni zote zikanyamaza, na ndani nikasikia kile kimya cha watu wanane wanaovuta pumzi. Nilishainuka. Mkono ulikuwa mlangoni. Kuna miaka waandaaji wa kule Marekani waliwakatia timu umeme kwa makusudi katikati ya mashindano, bila kuwaambia saa, ili waone nani anajua kujiinua. Niliposoma habari hiyo nilicheka, nikasema sisi hiyo tunapewa bila kuomba. Sasa nimesimama gizani na sicheki. Kuna swichi moja kule juu ambayo umeme ukirudi hugoma mpaka uchomoe waya wake uchomeke tena, na mimi peke yangu ndiye ninayeijua tabia hiyo.

Nikakaa chini. Nikajifunika shuka hadi puani, nisije nikakohoa.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini hivi, muadhini ameshaanza. Chini, kabla sijamaliza kuhesabu mia, nyuki wakarudi. Wasichana walikuwa wameandika mistari michache ya kuhifadhi hatua kwenye diski kila baada ya muda, wakaanza walipoachia. Juu palikuwa kimya muda mrefu. Halafu nikasikia mmoja akisema, "Itoe waya. Itoe kabisa. Haya, itie." Na wao wakaanza tena, ila tangu hatua ya kwanza, kwa sababu hawakuhifadhi chochote. Hawakumaliza hatua milioni moja. Wasichana walimaliza saa moja na dakika ishirini asubuhi, nikajua kwa kelele.

Ukijumlisha, wavulana walishinda kwa alama mbili. Kwa ile 174 ingekuwa wasichana, na kwa mbali. Nilimpelekea mpwa wangu mahamri na mbaazi nikitafuta la kusema. Alikula yote kwanza. Kisha akasema, "Mjomba, mara nyingine ukae ng'ambo, Manda."

Jumatatu nikamwomba nahodha daftari nikanakili wati zake nizichapishe vizuri. Ameandika kwa hati ya Kiarabu, mwandiko wa watu wa zamani, mstari mmoja kila robo saa kama alivyoahidi, na pembeni mambo yaliyotokea. Fulani amekwenda kusali. Bibi ameleta maji. Ilinichukua jioni nzima kusoma. Nilipofika usiku ule nikapunguza mwendo. Saa tano na robo, chini, wati 171, na pembeni: mwalimu amekohoa. Hilo nililitarajia. Ila nilipokuwa nikirudi nyuma kukagua namba za mchana nikalikuta tena, saa tisa alasiri, chini, 290: mwalimu amekohoa. Na tena baada ya magharibi. Vikohozi vitatu, vyote chini, na mimi nakumbuka kimoja tu.